Folda za barua pepe zikitoweka, tafuta nukta kwanza

Simu iliingia baada ya swala ya alfajiri. Ni Bi mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shela, kisiwani Lamu, ambaye namtunzia seva ya barua pepe. "Mwanangu, folda ya Wageni siioni! Na ya Malipo pia haipo!" Ilikuwa Desemba, kaskazi imeshika, vyumba vimejaa, na folda ile ndiyo iliyobeba tarehe ya kufika ya kila mgeni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimehamisha barua zote kwenye mashine mpya. Kikasha kikuu kilifunguka vizuri, nikaridhika, nikaenda kulala.

Kabla sijashuka gatini kutafuta boti nilimwomba jambo moja, nawe lifanye kabla ya yote: azime intaneti kwenye laptopu na simu zote za ofisini. Programu ya IMAP, yaani ile inayosoma barua zilizo kwenye seva, huiamini seva. Ikiambiwa folda haipo, yaweza kufuta hata nakala iliyonayo yenyewe, na pengine nakala hiyo ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Nilipofika niliichomeka diski kuukuu, nikaandika ls -la, amri inayoorodhesha hata faili zilizofichwa, ndani ya Maildir, yaani saraka (folda ya diski) ambamo kila barua ni faili lake. Zote zilikuwemo: .Wageni, .Malipo, na .Sent ya barua zilizotumwa. Dovecot, programu ya seva ya barua, ikitumia Maildir, kila folda huwa ni saraka ambayo jina lake linaanza na nukta. Mimi nilikuwa nimenakili kwa alama ya nyota (*), inayosimama badala ya jina lolote, na nyota huyaacha majina yenye nukta mbele. Kikasha kikuu hakina nukta, ndiyo maana kilihama salama kikanidanganya. Kosa lilikuwa langu.

Nikasimamisha Dovecot, nikaweka nakala ya pande zote mbili, kisha nikarudisha folda kwa rsync -a, amri ya kunakili. Iliyonichukua muda ni .Sent, kwa sababu seva mpya ilishaunda yake, na ndani mlikuwa na barua mbili alizotuma Bi alfajiri hiyo. Usiifunike folda kama hiyo. Nilihamisha faili za barua tu, kutoka cur ya zamani (saraka ya barua ndani ya folda) hadi cur mpya, bila kugusa dovecot-uidlist, faili la namba za barua. Majina ya faili za Maildir hutungwa makusudi yasigongane.

Nikaiwasha Dovecot. Folda hazikufunguka! Logi ikalalamikia ruhusa: namba ya vmail, mtumiaji anayemiliki faili za barua, haikuwa moja kwenye mashine hizi mbili. chown -R, amri ya kubadili mmiliki wa faili, ikamaliza.

Na wewe ukikuta amri ya Dovecot, doveadm mailbox list, inazitaja folda zote lakini programu ya barua haizionyeshi, usihangaike na diski. Tazama faili la subscriptions, orodha ya folda za kuonyeshwa. Huenda jina limetoka humo, na doveadm mailbox subscribe hulirudisha.

Bi alifungua Wageni, akatafuta barua ya familia iliyokuwa ishuke uwanja wa Manda mchana ule, akaipata. Diski kuukuu nimeifungia kabatini. Siifuti mpaka kusi iingie.