Usitoboe ringi mkuu! Mshale ukipanda na tairi haijai, angalia kinati cha valvu

Mkuu simama hapo hapo, na huyo fundi mwambie aweke drili chini mpaka nimalize kuandika.

Kama nimekusoma vizuri: umenunua baiskeli ya resi ya mtumba na pampu mpya ya kusimama, unapiga pampu mshale wa geji unakimbia mpaka 100 huko, tairi iko chini kama chapati, fundi kaangalia kasema hizi valvu nyembamba hazifai, atanue tundu la ringi akupigie tyubu ya valvu nene. Na ukauliza pampu uirudishe dukani au vipi. Hilo tutafika. Kwanza ringi.

RINGI USITOBOE. Mi nilitoboa. Au niseme nililipa mtu atoboe huku nimeshika tochi kama mjinga, namwangazia asikosee anavyoniharibia mali yangu.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Mshale unapanda vizuri tu, tairi tupu. Nikapeleka kwa fundi wa mtaani, mzee anaheshimika, baiskeli za Phoenix na Avon za mtaa mzima kashika yeye. Kaigusa valvu mara moja akatikisa kichwa: "Hii imekufa. Hizi za Ulaya haziwezi upepo wa huku." Upepo wa huku! Aisee na mi nikaitikia. Eti upepo wa Dar una kabila lake. Sijui nilikuwa nimelala au njaa.

Tundu la valvu nyembamba, hii wanaita Presta, ni kama milimita 6.5. La valvu nene ya gari au ile ya Phoenix linafika 8.5. Milimita mbili, unaona ndogo, ila ringi ya resi yenyewe ni nyembamba, ukila hapo pembeni chuma kinachobaki ni cha kuhesabu. Afu fundi hakuwa na drili ya kusimama, ni ya mkono, ikateleza, tundu likaenda upande. Hakupitisha hata msasa. Ndani kukabaki vimeno vya alumini vikali kama wembe, na tyubu inakaa juu yake inasuguliwa kila ukipita shimo.

Na tyubu aliyonayo ni ipi? Ya inchi 28 ya Phoenix! Tairi langu 700x23, jembamba, asa hiyo tyubu nono itakaa wapi, akaikunja akaisukumia ndani na bisibisi, ikajaa kweli, nikamshukuru nikampa na hela ya soda juu. Kesho yake pancha, shinani mwa valvu, pale ambapo kiraka hakishiki hata ukimwaga solusheni yote. Nikanunua nyingine. Pancha palepale. Nikasema labda tyubu feki. Nikalaumu wachina, nikalaumu barabara, nikamlaumu mpaka shemeji aliyeiazima. Mwisho nikiwa nashuka mtaro mmoja nikasikia "tak", kuangalia, ufa umetoka kwenye lile tundu umetembea mpaka kwenye tundu la spoku. Ringi kwishney. Nenda sasa kwa wauza mitumba uwaambie unataka gurudumu moja tu la nyuma la resi, wanakuangalia wanacheka, wanauza jozi. Nikanunua jozi. Hela ile karibu na nusu ya bei ya baiskeli yenyewe.

Sasa inayouma ni hii. Gurudumu la mbele lilikuwa bado na valvu yake ya asili, nalo "limekufa" vilevile. Kuna kijana mmoja anaendesha resi Jumapili asubuhi nikamwomba anitazamie. Hakuomba hata spana. Kashika ncha ya valvu kwa vidole viwili, kuna kinati kidogo cha shaba kule juu, kadogo kama punje ya mchele, akakizungusha kinyume mpaka kikagota, akakibonyeza na ukucha, akachomeka pampu, tairi likajaa. Mi nimesimama na pochi yangu.

Kwa hiyo sikiliza, hii ndo yenyewe, mengine yote sahau: GEJI HAIPIMI TAIRI, inapima upepo uliomo kwenye mpira wa pampu. Mshale ukiruka juu kwa mapigo mawili matatu, mpini ukagoma, na ukifungua kichwa inalia "paa!" mshale unaanguka sifuri na tairi bado tupu, maana yake pampu ni nzima na mlango wa valvu umefungwa. Pampu inasukuma ukuta. Hakuna cha kufa hapo. Valvu ya gari haina hii habari, pampu inaibonyeza yenyewe, ndo maana mafundi wetu wa Phoenix hawakijui hicho kinati, sio kosa lao kutokijua, kosa lao ni kwamba neno "sijui" halitoki mdomoni. Afadhali aniambie sijui nimpe hela ya ushauri!

Ukishafungua kinati kibonyeze kidogo kabla ya kuweka pampu, maana baiskeli za mtumba zimekaa kwenye kontena, kile kisindano kinachobeba kinati kinaganda. Kama tairi tupu kabisa hutasikia "psss", usitishike, muhimu kicheze juu chini. Na tairi likiwa tupu valvu inazama ndani unaposukumia kichwa cha pampu, basi ishikilie kwa nyuma na dole gumba kupitia tairi, la sivyo utakuwa unajaza upepo sebule.

Mwenye duka naye aliyekuuzia simwachi. "Hii inaingia valvu zote kaka." Inaingia ndiyo, ila kama kichwa kina tundu moja, mara nyingi unatakiwa ufungue kifuniko chake utoe kimpira na kile kiplastiki cha ndani, uvigeuze upande wa pili, ndo kinashika valvu nyembamba. Anajua, au hajui, ila hasemi. Ikiwa haijageuzwa upepo utavujia pembeni na mshale hautapanda kabisa, ambayo sio shida yako, wako unapanda. Pampu basi usirudishe.

Na kama unataka kabisa kujaza sheli au kwa fundi wako mwenye kompresa, kuna kiadapta cha shaba kinachojifunga juu ya valvu nyembamba kikawa kama valvu ya gari. Kinauzwa hela ya chipsi. Mi nilikijua nikiwa nimeshamaliza kununua jozi ya magurudumu, sasa ninavyo vingi kila mfuko wa suruali, nikifua vinagonga kwenye beseni.

Jaribu leo leo. Fungua kinati, bonyeza, chomeka, bana kile kileva cha kichwa cha pampu, piga. Mpini ukiwa mlaini na mshale ukipanda polepole, 20, 30, 40, jua upepo unaingia tairini. Ukigoma tena, fungua kichwa cha pampu, kipige picha na ncha ya valvu pembeni yake karibu karibu, uiweke hapa nione kimpira kimekaaje. Na huyo fundi kama ashaanza kupima na kalamu pale kwenye ringi, lipa hela ya kalamu uondoke.