Kebo Mbili Sambamba, Fyuzi Ngapi?

SWALI: Katika nyumba yangu ya wageni nina inveta ya wati 5,000 inayotumia betri za lithiamu za volti 24. Fundi alikosa kebo nene, akavuta kebo mbili za milimita za mraba 35 sambamba upande wa chanya, kisha akaweka fyuzi moja ya ampia 300. Anasema inatosha kwa kuwa kebo zinagawana mzigo. Je, ni sahihi? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Si sahihi. Fyuzi hii kazi yake ya kwanza ni kulinda kebo, wala si inveta. Inveta yako ikibeba mzigo wake wote, pamoja na upotevu wa takriban asilimia 10, huvuta karibu ampia 230, yaani 115 kwa kila kebo mambo yakiwa shwari. Nati ya kebo moja ikilegea, ampia zote huhamia kwenye ya pili, ambayo tuikadirie kuwa inastahimili 150. Hiyo itapata moto hadi ganda lake liyeyuke, na fyuzi ya 300 haitakata, kwa sababu kwake 230 ni mzigo wa kawaida.

Kila kebo ipewe fyuzi yake isiyozidi ampia 150, karibu kabisa na chanya ya betri. Hapo kebo moja ikiachia, fyuzi ya iliyobaki itakata, ingawa si papo hapo. Kwa kuwa shoti ya betri za lithiamu hufikia maelfu ya ampia, chagua fyuzi za DC (umeme wa betri) za daraja T (Class T), zinazoweza kukata mkondo mkubwa kiasi hicho, na usikubali kuwekewa swichi ya kujikata ya umeme wa AC (ule wa soketi za nyumbani).

Kebo ziwe za aina moja na urefu uleule. Mita moja ya kebo hiyo ina ukinzani wa omu 0.0005 tu, hivyo kichwa cha kebo kilichobanwa kwa nyundo kinaweza kuuzidi na kuisukumia kebo ya pili sehemu kubwa ya mzigo. Kanuni za umeme za Marekani (NEC) kwa kawaida haziruhusu kebo sambamba zilizo chini ya takriban milimita za mraba 53, nami ningependelea kebo moja ya 95 na fyuzi moja inayolingana nayo.

Wakati ukiitafuta kebo hiyo ya 95, washa mzigo mkubwa na upime kila kebo kwa klampu mita ya DC, kipimo kinachobana kebo kwa nje na kuonyesha ampia zake; zikitofautiana sana, zima mfumo na ukague vichwa vyote.