Maswali na majibu: Jeshi gani la mezani halitanifilisi?

Wiki hii swali ni lile lile, jeshi gani la vijisanamu vya gemu za vita za mezani ni nafuu, limevaa kanzu tofauti tofauti. Wale mlioandika tu "jeshi zuri bei gani" bila kutaja hata mnacheza gemu gani, mmekwenda na maji. Hawa hapa wengine.

Jeshi gani la Warhammer 40,000 (40K, lile gemu la vita vya anga) ni la bei chee kuliko yote? (Nairobi)

Haya, tena. Lenye askari wachache. Custodes, walinzi wa dhahabu, au Imperial Knights, yale maroboti makubwa. Kila kijisanamu kina thamani yake ya pointi, na jeshi kamili ni pointi 2,000. Knights wa pointi hizo unaweza ukawahesabu kwa vidole vya mikono miwili na kikabaki kidole, wakati Astra Militarum, askari binadamu wa kawaida, wa kutembea kwa miguu wanapita mia bila jasho.

Sasa watu wanachokosea ni kuangalia bei ya boksi. Boksi la Knight mmoja linaumiza macho, la askari 10 wa Cadian, hao wa Astra Militarum, linaonekana rafiki wa mfuko, basi mtu anakimbilia la pili. Ndugu yangu chukua kalamu. Hao Cadian 10 kwa hesabu za toleo la 10 la kanuni ni pointi kama 65, gawanya 2,000 kwa hiyo, ni maboksi 30, askari 300, na ukiwa mwepesi wa brashi kila mmoja atakula nusu saa yako, hapo hujagusa kifaru wala kamanda. Ulizia bei ya pointi, si bei ya boksi. Na muda wako nao ni hela hata kama hakuna anayekulipa.

Nianze moja kwa moja na pointi 2,000? (Mwanza)

Hapana.

Kuna jeshi naona linashinda mashindano kila wikiendi, nikinunua hilo si ndo nimemaliza? (Dar)

Umemaliza hela. Hivi hili swali nimelijibu mara ngapi? Games Workshop, kampuni yenye Warhammer, wanabadilisha pointi mara kadhaa kwa mwaka, na toleo jipya la 40K linakuja kila baada ya miaka mitatu hivi, angalia mwenyewe: la 8 lilitoka 2017, la 9 likaja 2020, la 10 likaja 2023. Yaani uagize leo, mzigo usafiri, ulipe ushuru, ukae chini ukate na kubandika na kupaka, siku unaupeleka mezani wameshaupandishia pointi na nusu ya mbinu zako zimefutwa. Na hapo una bahati, kuna wenzako waliofutiwa jeshi zima, mwaka 2024 Beasts of Chaos walitangaziwa kuondolewa Age of Sigmar, gemu lao la mapanga na mazimwi, na kabla ya hapo 2015 waliua gemu lote la Warhammer Fantasy watu wakabaki na makabati yamejaa, likarudi 2024 kwa jina la The Old World.

Mi mwenyewe niliwahi kufuata upepo hivyo hivyo. Askari 60 niliowanunua kwa sababu kijana mmoja kwenye video alisema hawashindiki, mpaka leo wako kwenye boksi la viatu, kijivu, wengine bado wamening'inia kwenye fremu za plastiki walizokuja nazo. Chagua jeshi ambalo sura yake unaipenda hata likichapwa.

Combat Patrol moja (boksi la jeshi dogo la 40K) inatosha kuanzia?

Inatosha. Ila bei yake ni zaidi ya dola 150 kabla ya nauli, kwa hiyo ni moja, si "moja na ile nyingine iliyokuwa ofa".

Mwanangu wa darasa la sita kapagawa na haya madude, hela ya kuchezea sina. Nifanyeje? (Mama, Arusha)

Mama, hili ndo swali bora la wiki. Usinunue kitu. Kusanya vizibo vya soda, kama vile vya drafti ya kijiweni, kizibo kinakaribia upana wa besi ndogo, yaani kitako cha kusimamishia askari. Andika juu kwa maka pen: mkuki, upinde, kamanda. Kisha pakua kanuni za One Page Rules, za msingi ni bure na hazijali unatumia kijisanamu cha kampuni gani, tafuta dadu na futi ya fundi cherehani, meza tayari. Akicheza mwezi mzima na bado anaota, mnunulie boksi moja la askari wadogo wa plastiki wa kipimo cha 1/72, ndani wanakuwa dazeni kadhaa kwa bei ya kijisanamu kimoja cha kamanda wa Warhammer. Rangi za akriliki za shuleni zinafaa, aziongeze maji kidogo tu. Na wewe kaa ucheze naye, usimwachie simu.

Nikinunua printa ya 3D si nitakuwa na majeshi ya bure? (Kigali)

Bure ya nani? Printa, resini (ile plastiki ya majimaji inayogandishwa), pombe ya kuoshea, taa ya kukaushia, glavu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ukichapisha mengi kweli inalipa, wala sikatai. Ila resini mbichi inadhuru ngozi na moshi wake si wa kuvuta, nimeona mtu kaiweka chumba wanacholala watoto, jamani! Iweke penye hewa, vaa glavu, na usimwage mabaki kwenye sinki.

Hakuna jeshi la watu wetu? Nimechoka na mashujaa wa anga. (Mombasa)

Lipo tena ndilo langu. Cheza Bolt Action, gemu la Vita vya Pili vya Dunia, fanya Keya, yaani KAR, wale askari wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma 1944 kwenye bonde la Kabaw, mvua, tope na malaria, na wengi wetu tuna babu aliyerudi huko na hakupenda kuongea. Jeshi la pointi 1,000 si kubwa, maboksi machache ya plastiki yanatosha. Tafuta vichwa vyenye kofia pana ya ukingo uliopindwa, sare ya kijani, ngozi ya kahawia usiipake rangi moja kama ubao, changanya. Na raha yake, hakuna mtu Nottingham, makao ya Games Workshop, atakayeamka kesho akatangaza 1944 imefutwa.

Gundi gani?

Plastiki, gundi ya plastiki. Resini na chuma, supa gluu. Mmeuliza watu wanne!

Wale askari 60 uliowahi kuwataja, unawauza?

Njoo na bei. Fremu ni zako, boksi la viatu nabaki nalo.