Nikielea Shela, wimbi hunipeleka mbele na nyuma. Kitabu kimekosea?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nasoma sekondari hapa Lamu. Kitabu chasema wimbi la maji ni wimbi mkingamo, yaani maji hupanda na kushuka tu. Lakini nikielea Shela nasukumwa mbele, kisha navutwa nyuma. Nani mwongo, kitabu au bahari?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bahari haikudanganyi; kitabu kimekata njia.

Funga kamba ya mashua kwenye nguzo ya gati, ukaze, kisha utikise ncha yako juu na chini. Utaona mgongo ukikimbilia nguzoni, ilhali kila kipande cha kamba kinapanda na kushuka palepale. Huo ndio mkingamo. Mwanga nao ni wa ukoo huu.

Sauti ni jambo jingine. Fikiria punda waliosongamana kwenye ujia mwembamba wa mjini: wa nyuma akimkumba mwenzake, kikumbo kinafika mbele ya msafara bila punda yeyote kuondoka nafasi yake. Hewa hubanwa na kuachiwa vivyo hivyo, katika njia ileile wimbi linakokwenda, kama mita 340 kwa sekunde. Ndani ya maji ya bahari ni kama 1,500.

Kwa nini sauti majini haiwi mkingamo? Kamba ikivutwa kando hurudi kwa kuwa imekazwa. Maji ukiyasukuma kando yanateleza, basi. Ukiyabana ndipo yanapogoma. (Ndivyo ilivyojulikana kuwa kiini cha nje cha dunia ni kimiminika: mawimbi mkingamo ya tetemeko hayapiti humo.)

Ila juu ya uso wa bahari, uzito wa maji yenyewe huyarudisha chini. Tupa kifuu cha nazi, ukitazame. Kikiwa juu ya mgongo wa wimbi kinaelekea ufukoni. Kikiwa bondeni kinarudi baharini. Kimezunguka karibu duara zima, na ndiyo mbele-nyuma yako hiyo: aina zote mbili kwa pamoja. Kwenye kina kirefu, duara hupungua kadiri unavyozama. Migongo ikiwa imeachana mita 20, mzamiaji aliye mita 10 chini hahisi karibu chochote.

Mtihanini andika mkingamo, uchukue alama zako. Na kifuu kitupe nje ya pale mawimbi yanapovunjika. Yakishavunjika, maji yenyewe husafiri, nawe utakiokota mchangani.