Shangazi, niendelee kumpelekea sukari mama yake?

Shikamoo shangazi. Samahani barua ni ndefu, utapunguza mwenyewe.

Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Kasulu na ndio kwetu, baba fundi cherehani, mama anauza mawese. Mwaka 2015 nikiwa darasa la saba mabasi ya wakimbizi wa Burundi yalikuwa yanapita hapa mjini kutoka Kigoma kwenda kambi ya Nyarugusu, usiku na mchana, mama akanituma nikawape ndizi dirishani, kuna mtoto alichukua ndizi akaila na ganda lake. Hiyo kitu haijawahi kunitoka. So nilipomaliza form four (nilifeli, tusiongelee) nikajiunga na kikundi cha kanisani kwetu, tunapeleka nguo na vitu vidogo vidogo kambini kila mwezi, kwa kibali.

Huko ndio nikakutana na E. Ni Mbembe wa Kongo, wazazi wake walikimbia Fizi 1996, yeye kazaliwa hapo hapo kambini mwaka 2000, Kongo hajaikanyaga hata siku moja ila akianza kukusimulia Fizi utadhani kashuka kwenye mtumbwi jana. Alikuwa anafundisha watoto wadogo. Siku ya kwanza nilimkabidhi boksi la nguo agawe, akaangalia ndani akaniuliza kitabu hakuna? Nikasema hakuna. Akacheka, akasema "basi mie njo nitakuletea weye". Na kweli safari iliyofuata akanipa riwaya ina mhuri wa maktaba ya kambini, nikirudi ananiuliza umefika wapi, huyu mhusika unamuonaje, mimi niliyepata F ya Kiswahili! Ilienda hivyo miaka miwili, mwisho nikarisiti mtihani nikapata.

Mimi nikawa nampelekea sukari, na sabuni, na vocha. Mama yake akanizoea akawa ananiita mkwe, sukari nikawa naigawa mara mbili, yake na ya mama.

Kesi yake ya kuhamishiwa Marekani ikapita, Agosti 2024 akapanda basi la IOM, lile shirika la uhamiaji, na begi lile jeupe, akaenda Iowa, anafanya kazi kiwanda cha nyama. Miezi miwili video call kila siku. Afu ikawa niko shifti, afu nimechoka, afu kimya. Januari 2025 Goma ilipotekwa na mwezi uliofuata Bukavu nilikesha nasoma habari, namtumia meseji pole kwa yanayotokea kwenu, tiki za bluu, siku ya tisa akajibu "Aksanti". Neno moja. Aprili nikaona stetasi yake anakata keki na dada mmoja.

Marafiki zangu wananiambia ulikuwa unatoa msaada sio unapendwa, kijana alipenda sukari yako. Inaniuma kwa sababu najiuliza labda ni kweli, na labda hata mimi sikumpenda, nilimuonea huruma.

Sasa mama yake yuko bado kambini na mdogo wake wa kike. Wao faili lao lilikuwa la peke yake na lilikaribia, ila Januari 20, 2025 Trump, siku anaapishwa kuwa rais wa Marekani, akasaini kusimamisha kupokea wakimbizi, wakabaki na mabegi yamefungwa. Kila mwisho wa mwezi mama ananibipu, mkwe unakuja lini, na najua anasubiri sukari. Sijamwambia kitu. Niendelee? Au naonekana mjinga?

Na kingine. Tangu hayo yatokee riwaya za mapenzi nikishika nalia, ila nikisoma mambo ya vita nalala vizuri kabisa, sijui ni mzima kweli. Nimesoma kwamba Liemba yetu hii ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani, iliundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande ikajazwa kwenye maboksi kama 5,000, ikaletwa Dar na baadae kwa reli hadi Kigoma ikaungwa upya. Mwaka 1916 walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe ziwani, ila kabla ya hapo mashine wakazipaka grisi zisile kutu ili siku moja iibuliwe. Shangazi usinicheke, nilivyosoma hapo nikawaza labda na mimi nimezamishwa nimepakwa grisi, labda atarudi.

Halafu najionea aibu, nalilia mwanaume wakati kuna watu wanalala porini.

Binti wa Kasulu

SHANGAZI:

Marahaba mwanangu. Mwakeye, kama tunavyosalimiana Kigoma. Sijakucheka, ila hapo kwenye grisi nimeweka kalamu chini nikanywa maji kwanza.

Tumalizane na hiyo meli, maana mimi ni mzaliwa wa Ujiji na Liemba naijua kwa harufu. Umesoma vizuri ila hukusoma ukamaliza. Waliopaka grisi ni Wajerumani. Walioiibua mwaka 1924 ni Waingereza, na ikarudi kazini 1927 na jina jipya, hilo Liemba. Wale wa kwanza hawakuigusa tena mpaka leo. Nadhani nimeeleweka.

Sasa twende kwenye sukari. Nimeihesabu, katika barua yako umeitaja mara nne. Ile riwaya aliyokuletea umeitaja mara moja tu, na mtihani uliorisiti umeupitia kwa nusu sentensi kama vile umepita mwenyewe. Hebu tuulizane, nani alikuwa anamsaidia nani hapo? Wewe ulipeleka nusu kilo ikaisha kwa wiki. Yeye, mtu asiye na ruhusa ya kutoka kwenda hata Makere hapo jirani bila karatasi, alikufanya usome, na cheti unacho kabatini. Hao marafiki zako wanahesabu kilichopimwa kwenye mzani wa dukani tu. Na wewe umekubali hesabu yao haraka sana kwa sababu, mwanangu naomba usinune, ni raha kuwa upande wa mtoaji, hata kwenye kuachwa mtu unabaki juu, ooh nilimpa kila kitu akaniacha. Hukumpa kila kitu. Mlipeana. Halafu akakuacha, na kakuacha kwa uoga, kimya kimya, ile "Aksanti" ya siku ya tisa ni ya mtu anayejua amekosa ila hajui pa kuanzia. Huruma haikai miaka miwili ikiuliza umefika ukurasa gani, hayo yalikuwa mapenzi, na yameisha. Vyote viwili ni kweli.

Simtetei. Mtu mwenye bando la kupost keki ana bando la kuandika mistari mitatu, nimekosea, nimepata mwenzangu, nisamehe.

Kuhusu mama. Hapa nataka nikuulize swali moja na ujijibu ukiwa peke yako. Ukifika pale, ukishakaa kwenye kile kigoda, dakika ya ngapi unauliza "E amepiga?" Kama ni dakika ya tano basi hiyo sukari ni nauli ya kwenda kuchukua habari, huo ni ushushushu sio msaada, na kila mwezi utarudi nyumbani na kidonda kibichi. Kama unaweza kukaa saa nzima mkaongelea miguu yake inayouma na shule ya binti, na jina la kijana lisitoke mdomoni kwako, endelea, tena nakupongeza. Deni la mtoto halimhusu mama. Huyo mama kabaki na begi lililofungwa kwa sababu ya sahihi ya mtu aliye mbali kabisa asiyemjua, sasa aje na wewe umkatie sukari kwa sababu ya keki ya Iowa?

Ila mwambie. Wewe sio mkwe tena na anastahili kujua, na mi nina wasiwasi anajua tayari, mama gani hajui. Anayaogopa maneno hayo kuliko wewe, kwa sababu akiyasema yeye anafikiri utaacha kuja. Muone hali aliyonayo, kila mwezi anabipu huku anaigiza. Mwambie mama, mimi na E tumeachana, mimi nitakuwa nakuja, ila niite kwa jina langu. Atalia, utalia, halafu atakuletea sahani ya sombe, kisamvu chao, maana Wakongo kwenye msiba wowote lazima watwange sombe.

Na ukishamwambia, muulize anataka nini. Hujawahi kumuuliza, au kama uliwahi hukuandika. Nikupe kisa. Mwaka 1997, Mobutu ameshatoka madarakani, Liemba ilikuwa inawarudisha Wakongo kwao kutoka Kigoma, safari nyingi tu, watu zaidi ya 75,000 walivuka nayo, na mimi nilikuwa nauza maandazi pale bandarini nina umri kama wako. Tulikuwa tunawapa maandazi yaliyobaki jioni, tunajisikia watu wema sana. Siku moja nampa mama mmoja akakataa. Nikaona ana maringo, mkimbizi na maringo wapi na wapi. Akanionyesha sufuria yake, akasema dada, mimi natafuta mfuniko. Miezi yote kambini alipikia sufuria wazi, kuni zinaisha maharage hayajaiva, na alikuwa haondoki kuanza maisha upya bila mfuniko. Basi nilienda mbio nyumbani nikachukua wa mama yangu, nilipigwa kwa ule mfuniko wewe! Lakini mpaka leo maandazi niliyogawa siyakumbuki, sijui hata yalikuwa mangapi, mfuniko naukumbuka ulikuwa umebonyea upande mmoja.

Huko Nyarugusu najua shida kubwa ya wanawake ni kuni, wanazifuata mbali na huko njiani wanakutana na mambo ambayo sitayaandika hapa. Inawezekana huyo mama miaka yote anapokea sukari yako kwa adabu tu na moyoni anawaza mkaa. Inawezekana pia anaipenda sukari, sijui, ndio maana nasema muulize. Na hicho kikundi chenu cha kanisani kiulize pia, maana nimeshaona maboksi ya hivyo na ndani kuna suti za harusi na viatu vya visigino virefu, mtu atavivaa wapi kwenye tope la masika.

Umeuliza kama u mzima kwa sababu vita vinakulaza na mapenzi yanakuliza. Mzima kabisa. Vita vya kitabuni vina tarehe ya kuisha, unafika ukurasa wa mwisho wanasaini karatasi, unafunga, unalala. Mapenzi yako hayana tarehe, hakuna aliyesaini, ulipata tiki za bluu tu. Soma hivyo vitabu, ila usidanganyike kwamba vita vyenyewe viko hivyo. E alizaliwa miaka minne baada ya wazazi wake kukimbia, akakulia kwenye vita ambavyo hakuviona, akaja akaviona kwenye simu akiwa kiwandani anakata nyama huku Goma na Bukavu zinaondoka. Ile pole yako ya usiku ule pengine ndio ilikuwa pole pekee aliyopata iliyoandikwa na mtu anayejua Fizi ni wapi. Sisemi umsamehe. Nasema hata kama hakujibu, ile meseji haikuwa ujinga, usiifute.

Na hiyo aibu ya kulia. Unadhani watu wanaolala porini hawaachwi na wapenzi wao? Mwanangu, kwenye foleni ya maji kambini kuna wasichana wanalilia wanaume kama wewe, wanagombana, wanaoneana wivu, wanasuka nywele ili fulani awaone. Mwezi Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walivyojaa Kagunga, kijiji kimebanwa na mlima huku na ziwa huku, kipindupindu kimeingia, Liemba imesimama maji marefu watu wanapelekwa kwa mitumbwi, ndugu yangu alikuwa anasaidia kupandisha watu, anasema kuna binti aligoma kupanda kabisa mpaka mpenzi wake aonekane. Watu wanasukumana, yeye kashika kamba ya mtumbwi anaita jina. Hakuna aliyemwambia ona aibu. Walimpisha pembeni wakapakia wengine kwanza, na jamaa alitokea, safari ya tatu au ya nne. Kwa hiyo lia, mwezi huu na ujao, ukimaliza uoge, ule samaki wako mgebuka.

Yule dada wa keki usimtafute mtandaoni. Najua umeshamtafuta. Usirudie.

Mwisho, umesema riwaya ya kwanza ilikuwa na mhuri wa maktaba ya kambini, na sijaona mahali umeandika kwamba uliirudisha. Nina hisia iko chini ya mto wako. Safari ijayo ibebe. Umeimaliza zamani, na huko kambini vitabu ni vichache, kuna mtu ameandika jina lake kwenye lile daftari la kuazima na kila akienda anaambiwa kimetoka.