Shangazi, malipo ya kila mwezi yananimaliza na mume wangu hajui

*Shikamoo Shangazi. Nina mume na watoto wawili, na sote wawili tunafanya kazi. Nilianza na huduma moja ya filamu. Ikaja ya pili kwa sababu ya tamthilia moja tu, ikafuata ya muziki, hifadhi ya picha, programu ya mazoezi ambayo sikumbuki niliifungua lini mara ya mwisho, mchezo wa mwanangu kwenye tableti, na sasa kuna kozi ya lugha niliyojiunga kwa majaribio, inaisha Ijumaa. Mume wangu anajua mbili tu. Naye ana kifurushi chake cha mpira. Ujumbe wa benki ukiingia nageuza simu kifudifudi asiuone. Mwezi uliopita hatukuweka akiba hata kidogo. Nifute zote? Na nikifunga kadi, si zitakatika zenyewe? – Mama D.*

Marahaba, mwanangu. Hiyo simu inayogeuzwa kifudifudi ndiyo iliyonigusa kuliko hesabu zote, na nitaifikia.

Usifute zote. Anayefuta zote kwa hasira huanza kuzirudisha moja moja baada ya wiki chache, na safari hiyo huficha zaidi. Wengi hujiuliza kwanza wabaki na ipi, waache ipi. Mimi nakuomba uanze na kiasi. Kila huduma ukiitazama peke yake ni ndogo, na bei zake zimepangwa zionekane hivyo. Bandu bandu huisha gogo. Ukitangulia kuamua jumla, kila huduma italazimika kugombea nafasi yake.

Chukua mapato yenu wote wawili. Toa kodi ya nyumba, chakula, ada, nauli, madeni, kisha toa akiba. Akiba itoke hapo juu pamoja na kodi, isisubiri mabaki. Kinachobaki ndicho cha mavazi, matembezi, zawadi na starehe. Kwa kipimo changu, huduma za kulipia kila mwezi zisile zaidi ya sehemu moja ya tano ya hicho kilichobaki. Mkibakiwa na mia, ishirini. Kwa kuwa akiba imeshakosa mwezi mzima, anzeni na kumi kwa miezi mitatu, kisha mpandishe mkiona mnapumua.

Sasa toa taarifa ya benki ya miezi 12. Ya mwezi mmoja haitoshi, maana zipo zinazokatwa mara moja kwa mwaka na hizo ndizo hushtua. Ya mwaka igawe kwa 12 uiandike kama ya mwezi. Kama bei imewekwa kwa dola, andika kilichokatwa kweli, kwa sababu hubadilika kila thamani ya fedha inapobadilika. Pitia pia sehemu ya usajili kwenye akaunti yako ya Apple au Google Play. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, na sitashangaa ukikuta ile ya mazoezi ilishafutwa ila bado inakatwa.

Usijione mjinga katika hili. Mwaka 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 huko Marekani kumaliza kesi iliyodai kuwa watu waliingizwa kwenye Prime, huduma yake ya kulipia, bila ridhaa yao na kujitoa kukafanywa kugumu. Mwaka mmoja kabla yake, Adobe, kampuni ya programu za kuhariri picha, ilishtakiwa na serikali ya Marekani, ikidaiwa kuficha ada ya kuvunja mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kusitisha chochote, soma kama ulijiunga kwa mwezi au kwa mwaka.

Ukishajua kiasi, mengi yatajipanga yenyewe. Ya mazoezi iondoke leo. Huduma za filamu zipokezane: mwezi huu moja, ukimaliza tamthilia yako unaisitisha na kufungua nyingine. Filamu zitakusubiri. Mchezo wa mtoto, mwambie achague huo au kitu kingine anachokipenda chenye bei hiyo, kisha weka nywila kwenye manunuzi ya tableti.

Hifadhi ya picha ndiyo pekee ninayokuomba uende nayo polepole. Google hutoa GB 15 bure, lakini hizo ni za picha, faili na barua pepe za Gmail kwa pamoja. Ukiacha kulipia huku umezizidi, barua pepe zinaweza kuacha kuingia, na ukikaa hivyo miaka miwili vitu vyako vinaweza kufutwa. Punguza video kwanza, hamishia picha za watoto kwenye diski ya nje, hakikisha zinafunguka, ndipo ushushe kifurushi.

Na mume wako. Mwambie wiki hii, jioni ambayo hakuna aliyechoka sana, ukiwa na karatasi mkononi. Taja jumla kwanza, usianze kwa kujitetea. Najua kifurushi chake cha mpira kiko mdomoni, tayari kurushwa akikasirika. Kizuie. Kikitoka kama jibu la hasira, mtagombana kuhusu mpira na karatasi itasahaulika. Kiandikwe kwenye orodha ileile, kwa mwandiko uleule, kikiwa na haki sawa na tamthilia zako. Pengine yeye mwenyewe ataona kwamba ligi ikiwa mapumzikoni hakuna haja ya kukilipia. Akikasirika kwa kufichwa, ana haki hiyo, mpe nafasi. Baada ya hapo kubalianeni kwamba hakuna anayejiunga na kitu kipya bila kumwambia mwenzake, na kikiingia kimoja kinatoka kimoja.

Kuhusu kadi, usiifunge kama njia ya kujitoa. Malipo yakigoma, baadhi ya kampuni huendelea kukudai, na kama una mkataba wa mwaka deni linabaki palepale. Sitisha kwenye akaunti ya huduma yenyewe, kisha tunza ujumbe wa uthibitisho.

Ile kozi ya lugha usiisubirishe hadi Ijumaa. Kama ulijiunga kupitia Apple, unatakiwa kusitisha angalau saa 24 kabla majaribio hayajaisha, la sivyo utakatwa. Huduma nyingi hukuachia uendelee hadi siku ya mwisho hata ukishasitisha. Ifanye leo kabla hujalala, halafu utumie siku zilizobaki kuona kama kweli unasoma.