Kabla Hujanunua Televisheni Kubwa ya Chumba cha Mikutano

Ofisi yetu iko Capri Point, Mwanza, ghorofa ya juu kabisa, bati juu ya vichwa na vioo upande mzima unaotazama ziwa. Mgeni akiingia tu, simu mkononi, anapiga picha. Tulipoamua kukutana na wenzetu wa Dar es Salaam kwa video badala ya kupanda ndege kila mara, mimi ndiye niliyetumwa kununua vifaa. Nikakimbilia kinachoonekana: televisheni ya inchi 65. Maiki tukasema ile iliyomo kwenye kamera itatosha.

Mkutano wa kwanza, mama mmoja wa Dar alivumilia dakika kumi, kisha akauliza, "Jamani, mmekaa kisimani?"

Tuliilaumu intaneti, kumbe ni chumba. Sakafu ya vigae, kuta tupu, vioo. Ingia chumba chenu kikiwa kitupu, upige kofi moja. Ukisikia mlio umebaki ukining'inia hewani, basi wenzenu wa upande wa pili watasikia hivyo kila neno. Sisi tulishuka sokoni Makoroboi tukarudi na mapazia mazito, tukatandika zulia, na rafu ya mafaili tukaisukuma hadi ukuta unaotazamana na spika. Mwangwi ulipungua kabla hatujagusa kifaa chochote. Baada ya hapo ndipo tukanunua maiki ya mezani, ikakaa katikati ya watu. Feni nayo ni kesi: ukiizima watu wanatota jasho, ukiielekeza mezani Dar wanasikia ngurumo. Yetu sasa inapuliza migongo.

Na mtu aliyemo chumbani akijiunga kwa kompyuta yake, azime vyote viwili, maiki na spika. Asipozima, mtasikia mluzi wa kutoboa masikio.

Mapazia yalitusaidia pia kwenye picha. Kamera ilikuwa inatazama dirishani, na jua la jioni likishukia ziwani sote tunakuwa vivuli vyeusi vyenye miwani. Geuzeni viti na kamera, dirisha liwe mbele ya nyuso. Mandhari ya ziwa wataiona siku wakija.

Nyaya zilinipotezea wiki mbili. Kamera ilikuwa inajikata yenyewe, nikataka kuirudisha dukani. Kijana mmoja fundi akaja, hakuigusa hata kamera, akaanza kupima kebo kwa hatua: mita nane. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 mwisho wake mita tano. Zaidi ya hapo unahitaji yenye kikuza mawimbi ndani yake. Ya mtandao haina shida hiyo, inafika mita 100, kwa hiyo vutieni waya hadi chumbani, waifai muwaachie wenye simu.

Umeme: UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, iwekwe kwenye ruta kwanza, televisheni baadaye. Jenereta yetu inawaka ndani ya sekunde chache, lakini ruta ikizimika inachukua dakika kadhaa kurudi, na huko Dar wameshaanza kuagana.

Kilichotushinda ni bati. Mvua ya masika ikilipiga, hakuna maiki inayofua dafu. Mwenyekiti anaandika kwenye ujumbe, "Mvua, tunarudi," na sisi tunaenda kunywa chai.